Ukoo wa Kueleweka

Kazini kwetu maneno hugawanywa kwa ukoo. Watu wanadhani watunga kamusi huanza na A wakaishia Z, lakini tungefanya hivyo tungekuwa tumelala fofofo kabla ya kufika C. Mhariri mkuu, ambaye tunamwita Bwana Nukta kwa sababu anaweza kugombana na mtu asubuhi nzima kwa ajili ya alama moja, anakukabidhi ukoo mzima wa maneno ya Kiingereza. Unakaa nao mpaka ujue nani mkubwa, nani mdogo, na nani na nani hawasemeshani. Mwenzangu mmoja alipewa ukoo wa kulia na kuomboleza, akapungua mwili. Mimi nikapewa ukoo wa mambo yanayoweza kujulikana au kueleweka. Nikasema, haya, kazi nyepesi hiyo, nitaimaliza chai haijapoa.

Nyepesi wapi! Waingereza hawa wana neno la kila kitu. Wana "knowable", jambo ambalo ukilitafuta utalijua. Wana "intelligible", maneno yanayomfikia msikilizaji yakiwa mazima. Wana "fathomable", jambo lenye kina kirefu lakini kina hicho kina mwisho wake. Wana "obvious", lile ambalo hata ukijifanya hulioni linakukodolea macho. Sisi tunasema "inaeleweka" na maisha yanaendelea. Basi nikaandika "-enye kueleweka" kwenye neno la kwanza, nikaandika kwenye la pili, nikaandika kwenye la tatu, nikapeleka. Bwana Nukta akasoma, akavua miwani.

"Bibie," akasema, "hii ni kamusi au ni muhuri?"

Na ana sheria yake, mzee huyu. Hakuna maana inayoingia kwenye kamusi yetu mpaka mwenye ukoo awe ametunga sentensi ambayo mtu angeweza kuisema jikoni kwake, kwa sauti, kumwambia mtu mwingine, na huyo mwingine asiulize "unasemaje?" Sentensi za vitabuni anazikata kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo ukipita kwenye korido yetu utawasikia watu wazima na akili zao wakijisemea mbele ya ukuta, "Wee, hebu funika sufuria!" Mafundi simu wa ghorofa ya chini wanaamini sisi si wazima.

Ningelicheka hilo kama kawaida yangu, ila wakati ule nilikuwa sicheki. Mama yangu alikuwa amepata kiharusi.

Mkono wake wa kulia ulilegea, mguu wa kulia ukawa mzito, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja: sabuni. Kwa nini sabuni na si kitu kingine, hakuna ajuaye. Daktari alisema hutokea hivyo, neno moja tu linabaki mdomoni na mengine yanagoma kutoka. Akitaka maji, sabuni. Akitaka dirisha lifungwe, sabuni. Akikasirika, sabuni! Huyu ni Mama aliyekuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke aliyeweza kumsema mteja mpaka mteja akaomba radhi kwa kunenepa. Ulimi wote ule, jamani, ukabaki na neno la kufulia.

Siku daktari alipotuita mimi na kaka yangu, alituambia kwa Kiingereza chake cha hospitali kwamba maneno ya Mama kwa sasa hayako "intelligible". Neno la ukoo wangu kabisa! Nikalipokea kama mtu ninayemfahamu. Lakini kaka alitoka mle ndani akiwa na jibu lake mwenyewe. Tulipofika nje kwenye maegesho akashusha pumzi, akasema, "Basi ndiyo hivyo. Mama haelewi tena."

Nilimrukia. "Nani kasema haelewi? Daktari kasema *haeleweki*! Kutoeleweka na kutoelewa ni vitu viwili tofauti, kaka!"

"Wewe na kamusi yako," akasema, akafungua mlango wa gari.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Kaka anaishi mji mwingine, anafuga kuku, ana nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja. Alitaka kumchukua Mama akakae kwake, na nyumba ya Mama ipangishwe. Alinipigia simu Jumapili kuniambia kwamba Jumamosi inayofuata angekuja na mke wake na gari, kumchukua moja kwa moja. Nikamwuliza, Mama umemwambia? Akanijibu kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionichoma: "Mdogo wangu, hajui yuko wapi. Kwake na kwangu atajuaje tofauti?"

Nikaapa kwamba Mama haondoki labda nife. Na niseme kweli, niliogopa. Tangu baba afariki, kila jioni nikitoka kazini nilipita kwa Mama kabla ya kwenda kwangu. Nisipopita pale sijui jioni yangu ingekuwa na umbo gani. Nilimtaka pale, kwenye kiti chake karibu na cherehani lililofunikwa kitambaa, nimkute nikiingia. Lakini sababu hiyo sikumwambia mtu. Nilimwambia kaka kwamba Mama ana akili zake timamu na kwamba nitamthibitishia.

Jumatatu jioni nikaanza kazi. Nilimkuta Mama amekaa, jirani aliyekuwa akimwangalia mchana, mama mmoja tunayemwita Mama Pacha, anamalizia kuosha vyombo. Sikuvua hata viatu.

"Mama, nipe kijiko."

Akanitazama, akanyoosha mkono wa kushoto mezani, akanipa kijiko.

"Mama, onyesha mlango."

Akaonyesha.

"Mama, nipe kile cha kukatia kitambaa."

Akaufikia mkasi wake mkubwa, akautua mbele yangu kwa kishindo. Nikampigia makofi. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikamkumbatia, nikamwambia Mama Pacha, "Umeona? Umeona mwenyewe?" Mama Pacha akasema ameona, lakini yeye alijua siku zote, kwani nani hajui?

Kesho yake nikaja na maswali makali zaidi. "Mama, moto unalowesha?" Akanikazia jicho lile aliloliweka kwa ajili ya wateja wanaoleta kipande cha kitambaa wakitaka gauni la kufika miguuni. "Mama, moto unalowesha nguo?" Akatikisa kichwa taratibu. "Sabuuuni," akasema, kama mtu anayesema Mungu wangu, nimezaa nini mimi. Nikaliandikia alama jibu hilo kichwani mwangu. Nikamwuliza jiwe linaelea? Nikamwuliza paka ana mbawa? Yote akayapata, na kila alipopata nilimwongezea lingine.

Kazini nako mambo yakaninyookea ghafla. Sentensi zikawa zinatoka zenyewe. Neno "intelligible" nikalitungia: "Zima redio kwanza, maneno ya Mama yaeleweke." Bwana Nukta akasoma mara mbili, akaguna. "Sasa unaandika kama mtu anayekaa na watu," akasema. Kwa mtu yule hiyo ni sawa na kupewa zawadi.

Jambo moja tu lilikuwa linaniudhi. Kila jioni, katikati ya mitihani yangu, simu ya Mama ililia. Kaka huyo. Mama Pacha aliiweka mezani kwa spika, na kaka akaanza kumwaga porojo. Kuku wake. Jogoo mmoja jeuri anayemfukuza mbwa. Fundi bomba aliyekuja kutengeneza bafu akaondoka na bafu halitoi maji kabisa, ila jikoni yanatoka ya moto pande zote mbili. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamjibu sabuni, sabuni sabuni, naye kaka akamjibu, "Ndiyo hivyo, Mama! Nami nilimwambia hivyohivyo!" Dakika nzima wanajibizana, na kila akiaga kaka alimalizia, "Jumamosi tunakuja kukuchukua, Mama." Jumatano nikaichukua simu, nikatoka nayo uani.

"Kama unasema haelewi, unamsimulia nini?"

"Si anasikia sauti yangu?" akasema. "Nami nasikia yake. Mpe simu, bado sijamwambia habari ya leo ya jogoo."

Upuuzi mtupu, nikajisemea. Mimi napigania akili ya mama yangu, mwenzangu anapiga soga za jogoo.

Jioni hiyohiyo, baada ya simu, nilipomwambia Mama aniguse bega la kushoto, akageuka akatazama ukuta. Nikasubiri. Hakugeuka. Alhamisi nilipomwomba kijiko alikirusha, kikabiringika mpaka chini ya kabati. Mama Pacha, aliyekuwa anakunja nguo, akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, mwache Mama apumzike. Mtihani gani huu wa kila jioni?"

"Mama Pacha," nikamwambia, "haya ni mambo ya familia."

Akaweka chini nguo aliyokuwa ameishika. Akachukua beseni lake, akaaga, akaondoka. Nikajua nimekosea na nikashindwa kumfuata, kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti nakitafuta kijiko chini ya kabati.

Ijumaa sikutulia. Niliweka chai nikaisahau, nikaweka nyingine nikaisahau, dirishani pangu pakawa na vikombe vimejipanga kama kwenye hoteli. Niliguguna kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka. Nilikuwa nimefika kwenye "fathomable" na sentensi ikakataa. Niliinuka, nikatembea kwenye korido, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. Nini kina kina kirefu lakini mtu anaweza kukifikia? Kisima? Kisima si cha jikoni. Moyo wa mtu? Bwana Nukta angenikata na kalamu nyekundu mimi mwenyewe. Na muda wote akili yangu ilikuwa kwenye kijiko kile: atanipa kesho, au hatanipa? Mwishowe Bwana Nukta akatoa kichwa ofisini kwake.

"Bibie, nenda nyumbani. Unanitobolea sakafu."

Nikaenda kwa Mama. Sikumpima jioni hiyo. Nilimwacha apumzike kwa ajili ya Jumamosi. Nilimkuta chumbani kwake, mlango umerudishwa, nikamsikia anahangaika na kabati. Nilipotaka kuingia akapiga kelele, "Sabuni!" Nikadhani anavaa. Nikakaa sebuleni nikipanga nitakavyomwumbua kaka.

Jumamosi wakafika saa za asubuhi, kaka na mke wake. Wifi yangu ni mtu mkimya, wa kukaa pembeni na mkoba wake magotini, nami siku zote nilidhani hana la kusema. Mama alipomwona kaka mlangoni uso wote ulimfunguka. Kaka akambusu kichwani, akaanza, "Mama, yule jogoo..." Nikamkatisha.

"Kaa, kaka. Wifi, nawe kaa. Kabla ya yote nataka mtazame kitu."

Nilikuwa nimepanga mezani kijiko, mkasi, ufunguo na kitana, kama mchuuzi aliyetandika bidhaa. Nikasimama mbele ya Mama.

"Mama, nipe kijiko."

Mama akakitazama kijiko. Akanitazama mimi. Kisha akaurudisha mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya ule wa kulia, mapajani.

"Mama, mkasi. Nipe mkasi wako."

Mkono haukusogea.

"Mama, tafadhali. Gusa pua tu. Pua!"

Nikawa najishika pua yangu kumwonyesha, mtu mzima na watoto wangu nyumbani. Kaka akainamisha uso.

"Basi, mdogo wangu. Inatosha."

"Anajua! Juzi alijua vyote! Anafanya makusudi!"

"Mimi sikuja kumpima. Nimekuja kumchukua."

"Humchukui! Huwezi kumbeba mtu kama kabati! Ana akili zake, ana nyumba yake, ana haki ya..." Sauti yangu ilikuwa imepanda mpaka nikawa sijisikii. Kaka naye akasimama, akaanza kusema nimechoka, macho yangu yameingia ndani, wanangu wananiona usiku tu. Nami nikamwambia aache wanangu. Tukawa tunabishana juu ya kichwa cha Mama, yeye amekaa katikati, anamtazama huyu, anamtazama yule.

"Samahani, wifi," mke wa kaka akasema.

Tukamgeukia, kwa mshangao zaidi kuliko kwa adabu.

"Kuna mtu amemwuliza mwenyewe?"

"Amemwuliza nini?" nikasema.

"Anataka kukaa wapi."

Nilikuwa nimemwuliza Mama habari za moto na jiwe na mbawa za paka. Hilo sikumwuliza. Halikunijia hata mara moja, kwa kuwa jibu lake nilijiona ninalo tayari.

Wifi akaweka mkoba wake sakafuni, akavuta kiti, akakaa goti kwa goti na Mama. "Mama," akasema, sauti yake ya kawaida tu, "mwenyewe unapenda ubaki hapa kwako, au twende wote kwetu?"

Mama akamtazama. Nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu. Nikasema moyoni, sasa ataonyesha kiti chake. Ataonyesha cherehani. Mtaona.

Mama akachukua fimbo yake, akainuka. Nilimwahi nimshike kiwiko, akauondoa mkono wangu. Akapita kando ya cherehani, hakulitazama, akaingia chumbani. Tukasikia mlango wa kabati. Tukasikia kitu kinaburutwa, kinasimama, kinaburutwa tena. Kaka akataka kwenda kumsaidia, wifi akamzuia kwa mkono.

Akatokea akiwa ameegemeza bega ukutani, fimbo kwapani, mkono wa kushoto unavuta mfuko mkubwa wa safari. Zipu haikufungwa, na mkono wa gauni ulikuwa unaning'inia nje. Ndani nguo zilikuwa zimeviringishwaviringishwa, namna mtu anavyokunja kwa mkono mmoja asiouzoea. Vitenge vyake. Dawa zake zote, na kopo la mafuta. Ile haikuwa kazi ya asubuhi moja. Alikuwa amefungasha kidogo kidogo, siku ambazo mimi nilikuwa namtaka anionyeshe mlango uko wapi.

Akauburuta mpaka miguuni pa kaka.

"Sabuni," akamwambia, kama mtu anavyomwambia mpagazi.

Na mimi nikasema, "Haelewi."

Lilitoka lenyewe. Nikaendelea, sikuweza kujizuia: "Kaka, haelewi anachofanya. Amechanganyikiwa. Hajui hata huo mfuko ni wa nini."

Kaka alinitazama na hakuwa na ushindi wowote usoni. Alikuwa ananionea huruma, na hilo lilinitia aibu kuliko kofi. Kisha nikamtazama Mama. Alikuwa amenisikia. Hakukasirika, na ningependa angekasirika, angerusha fimbo, angenisema kwa lile neno lake mpaka majirani wasikie. Alinitazama tu, kwa utulivu, kama anavyotazamwa mtu ambaye ulimtegemea.

Akakaa. Akaonyesha viatu vyake karibu na mlango. Kaka akaviokota, akainama amvishe, Mama akamgusa begani kumsimamisha. Akaninyooshea kidole mimi.

Nikapiga magoti. Nilianza na mguu wa kulia, ule mzito, uliovimba kidogo kwenye kifundo. Ulikuwa hausaidii, ilibidi niulegeze mkanda wa kiatu wote, niushike kisigino, niuingize pole pole. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye vidole vyake na nikawa nayafuta kwa kanga iliyotundikwa mgongoni mwa kiti. "Nisamehe, Mama," nikasema. Nilikuwa nimemjaza maswali wiki nzima, na sasa nilikuwa na moja tu ambalo jibu lake sikulijua.

"Mama, unataka niwe nakuja kukuona?"

Nikainua uso. Hata sabuni hakusema. Alinyoosha mguu wa pili, nikamvisha.